Chuma Chini ya Kiti

Mwezi uliopita tulimzika Mama Chantal, na tulipotoka makaburini tukarudi nyumbani kwake mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, kula. Nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki, sahani ya sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi mapajani, katikati ya watu wazima walioongea Kifaransa na watoto waliowajibu kwa Kizulu. Mjukuu wake mmoja, binti mwenye adabu, aliniuliza kwa Kiingereza nilimfahamuje bibi yake. Nikamwambia nilipanga chumba hapa mwaka mmoja, zamani. Akatabasamu, akaenda kugawa soda. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nimelikasirikia. Mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu. Si kwamba ni siri. Ni kwamba kila nikitaka kuanza inanibidi kwanza nieleze habari za trekta, na watu wakisikia trekta wanaanza kutafuta funguo za gari. Sasa naandika, na karatasi haina haraka. Mambo ya Morogoro, ya wazazi wangu na ya basi lililonileta, nayaruka, maana hayana tofauti na ya wengine wote waliokuja Johannesburg.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa fundi. Ujana wangu niliumalizia kwenye karakana za mashamba ya miwa, kwa hiyo trekta halikunitisha. Kilichonitisha ni mji. Kazi nilipata kwa Deon, Kaburu mmoja mnene aliyevaa kaptura hata kwenye baridi ya Julai. Nyumbani neno hilo tulifundishwa kulitamka kwa hasira, na mimi nilifika nikiwa na hasira yangu tayari, halafu nikamkuta mtu anayelia machozi kabisa injini ikifa. Ilinichukua muda kujua nimweke wapi moyoni. Karakana yake ilikuwa kusini mwa mji, chini ya malundo ya mchanga wa machimbo, na upepo wa Agosti ulipovuma vumbi la njano liliingia mpaka kwenye mkate. Mchana tulitengeneza matrekta ya wateja. Lakini mwisho kabisa wa karakana, chini ya turubai, lilikaa trekta jekundu ambalo halikuwahi kulima hata tuta moja. Lile lilikuwa la mashindano.

Mashindano yenyewe ni hivi. Siku za Jumamosi wakulima wa miji ya mahindi wanakutana uwanjani, na kila trekta linafungwa nyuma yake kigari kizito kisicho na magurudumu ya mbele, kinachoburuzwa ardhini. Juu ya kigari kuna shehena inayosogea mbele kadiri unavyovuta, kwa hiyo kila hatua mzigo unazidi kukung'ang'ania, mpaka trekta lishindwe. Aliyefika mbali zaidi ndiye mshindi. Matrekta yanapangwa kwa uzito, na dereva anapimwa pamoja na trekta lake, kama vile ni kipuri. Ukizidisha kikomo unafukuzwa. Ukipungukiwa, umewapa wenzako zawadi. Ndiyo maana pua ya trekta inatundikwa vyuma, kila kimoja na mpini wake juu kama sanduku la safari, na mtu mmoja kazi yake ni kujua vingapi na wapi. Ukiweka vingi mbele, magurudumu ya nyuma yanateleza na kuchimba mashimo. Ukiweka vichache, pua inapaa na dereva anaona mawingu. Panapotakiwa ni katikati, pale ambapo magurudumu ya mbele yanaelea juu ya vumbi kiasi cha kupitisha mkono, na nguvu yote iko nyuma. Mtu wa vyuma nilikuwa mimi.

Dereva alikuwa Barasa. Alitoka Kitale, alilelewa kwenye mashamba ya mahindi, na alikuwa amenizidi kama miaka kumi na tano. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akacheka mpaka akaweka spana chini. "Dada, huko kwetu hiyo hatuna. Mtu anaweza dhani unamuomba kitu." Nikamwambia kwetu mtu asipoitikia ndiye anayeonekana hana adabu. Kesho yake nilipoingia, kabla sijafungua mdomo, aliniambia marahaba. Tangu hapo ikawa ndiyo asubuhi yetu: yeye anatangulia kuitikia, mimi naamkia baadaye. Ulikuwa mchezo wa kijinga, lakini ndio maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyosikia kila siku, na zipo siku yalikuwa pia ya mwisho. Saa ya chakula tuliketi juu ya matairi ya zamani, tukigawana kota, ule mkate uliotobolewa na kujazwa chipsi na soseji, tuliouchukua kwenye spaza, kiduka cha jirani. Aliniambia habari za mke wake aliyebaki Kitale na za ibada ya Wakenya kule Braamfontein, alikokaa safu ya nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na watu wa mabenki na wahadhiri. "Wananiuliza nafanya kazi gani. Nasema mimi ni dereva. Wanafikiri ya teksi." Nikamuuliza kwa nini asiwaeleze. Akasema, "Wakikuja waone, ndio wataelewa. Hiyo kiti si ya kuelezwa."

Na kweli. Nimeona madereva wengi tangu hapo, na bado namweka Barasa juu. Wengine wanakanyaga mafuta kama wanaua nyoka. Yeye alikaa wima kimya, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, anasikiliza, na trekta likaondoka bila kushtuka. Nilisimama kando ya uwanja nikitazama nafasi kati ya gurudumu la mbele na ardhi, na ilipobaki ileile kutoka mwanzo mpaka mwisho nilijua kwamba vyuma vyangu na mtu yule vimeelewana. Watu walimpigia honi za magari. Deon alimkumbatia hadharani. Jumatatu alirudi kuwa Mkenya mmoja mwenye ovaroli kuukuu, lakini Jumamosi alikuwa mtu.

Chumba changu kwa Mama Chantal kilikuwa cha mwisho uani, kando ya tangi la maji, kitanda kimoja, jiko la sahani moja, na dirisha lililoangalia kibaraza alipokuwa akishona. Yeye alitoka Bukavu, na alinifanya mtoto wake bila kuniuliza. "Weye, unakulaka nini? Kila siku mukate, mukate. Utakauka." Alinipa sombe kwenye bakuli lenye kifuniko, akakaa mlangoni kuhakikisha nakula, kisha akarudi kwenye cherehani. Wateja wake walizungumza kila lugha, nami nilijilaza kitandani nikiwasikiliza: nani ameachwa, nani amepata karatasi za kuishi nchini, nani kavamiwa Soweto na kupoteza duka. Nilijua maisha ya watu wengi kuliko walivyojua jina langu. Sasa nina nyumba ya vyumba vitatu na ninawaona vijana wanaokuja wakiwa na simu zinazowaonyesha nyuso za mama zao, na bado nikimwona msichana anakula peke yake kwenye ngazi najua kabisa anachosikia. Upweke wa mwaka ule haukuwa wa kukosa watu. Watu walikuwa dirishani kutwa nzima. Nilikosa mtu ambaye angeniuliza leo imekuwaje, akasubiri jibu. Aliyefanya hivyo alikuwa Barasa peke yake.

Katikati ya msimu, uzito ulipotea. Tulikuwa na mizani bapa nne, moja chini ya kila gurudumu, na kabla ya kila safari tulipandisha trekta juu yake, Barasa akakaa kitini na kofia yake ya kinga, nami nikasoma namba. Mara hii jumla ilipungua. Vyuma vilikuwa vilevile, mafuta yamejaa, maji yamejaa, matairi yana upepo wa kawaida. Nilitafuta kilo zile jinsi mtu anavyotafuta pete. Nilipima betri. Nilikwangua tope la zamani chini ya bodi nikadhani labda fundi mwenzangu kaliosha mno. Nilimshuku mlinzi kwamba kauza chuma kimoja kwa wauza chakavu, nikamwangalia vibaya siku mbili, maskini. Niliikosoa mizani yenyewe, nikaifungua, nikaifunga. Kila nilipopima upya Barasa alikaa pale juu akinitazama nikihangaika. Mwisho, kwa kuchoka, nikamwambia ashuke, nikapanda mimi. Namba ikaongezeka sawasawa na mwili wangu, ambao nilijua uzito wake. Mizani ilikuwa nzima. Trekta lilikuwa zima. Nilibaki juu ya kiti kile nimeshika usukani, nikimwangalia mtu aliyesimama chini, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi kola ya ovaroli ilivyosimama mbali na shingo yake.

"Ni jua tu," akasema. "Na hii kazi. Mtu hupungua."

Nikamwambia jua la Johannesburg halili mtu hivyo, tena katikati ya baridi. Akainamisha kichwa kama anavyosikiliza injini. Kisha akakohoa, akageukia ukutani kukohoa vizuri zaidi, na aliporudi alizungumza polepole. "Neema, kata chuma kidogo, uweke chini ya kiti. Hapo hakuna mtu huangalia. Deon asijue. Yule mpwa wake anataka hii kiti tangu mwaka jana, na mimi nikitoka siku moja, sitarudi." Nilimuuliza kama amekwenda hospitali. Akasema akienda wataanza na karatasi zake, na karatasi zake zimekwisha muda. Nikasema wagonjwa wangapi wamekwenda bila karatasi wakapewa dawa. Akasema, "Na wangapi wamerudishwa kwa gate? Wewe weka chuma. Msimu ukiisha nitaenda. Nakuahidi." Nilikikata. Nilikipiga msasa, nikakipaka rangi nyeusi kifanane na bodi, nikakifunga kwa boliti chini ya kiti. Jumamosi ile alishinda, na wakati wanampigia honi mimi niliwaza kwamba sehemu ya wanachokishangilia ni kipande cha chuma.

Sikumwambia mtu, lakini sikuwa peke yangu kujua. Jioni moja nilisikia sauti ya Barasa kibarazani. Nilikuwa nimemwelekeza mimi mwenyewe kwa Mama Chantal, mwanzoni mwa mwaka, alipotafuta fundi wa kumrekebishia suti ya ibada. Walizungumza habari za bei ya mahindi, cherehani ikakimbia, akaaga. Baada ya geti kufungwa Mama Chantal akaja mlangoni kwangu bila bakuli. "Ule kaka yako wa Kenya. Pantalo ya ile suti yake nimeisha kuipunguza mara mbili. Leo anasema nipunguze tena." Alinitazama muda mrefu. "Kule kwetu niliona batu wa vile. Anamalizika, dada. Hana bibi huku? Hana muntu?" Nikasema mke wake yuko Kitale. Akasema, "Basi ni weye." Akaenda zake. Nilikasirika naye usiku huo. Mtu hakuombi umbebe, halafu mwingine anakuja anakutwika.

Wiki mbili baadaye tulipandisha trekta mizanini, na namba ilikuwa imeshuka tena, chini hata ya pale nilipoongeza chuma. Barasa hakuuliza ngapi. Alisema tu, "Kata ingine." Nikamwambia hapana. Nikamwambia namna hii nitaendelea kukata mpaka siku moja nitapeleka uwanjani kiti cha chuma bila mtu. Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi, na safari hii aliificha leso haraka mno. Nikamwambia nitakwenda naye zahanati mwenyewe, nitakaa naye kwenye foleni, nitagombana na mtu wa geti kwa lugha zote ninazojua. Akasema baada ya msimu. Nikasema sasa. Akasema, na hakuniangalia, "Hii kiti ndio kitu pekee niko nayo hii nchi. Ukinitoa hapo, hata hiyo dawa nitameza ya nini?" Lakini nilijua vilevile kwamba mtu akiwa hai anaweza kutafuta kiti kingine.

Nilimpa mpaka Ijumaa. Ijumaa alikuja na kofia ya sufu, midomo imepauka, akaniambia marahaba kwa sauti ndogo, akaenda kuchukua msumeno ili akate chuma mwenyewe. Nikapita mbele yake, nikaingia kwenye kiofisi cha Deon, nikafunga mlango. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kibovu: kilo, chuma chini ya kiti, leso. Deon alisikiliza mikono ikiwa mezani. Hakufoka. Alitoka kama alivyo, na kaptura yake, akamshika Barasa bega mbele ya mafundi wote, akamwingiza kwenye bakkie yake, lile gari la mzigo, akampeleka kwa daktari anayemfahamu. Kupitia kioo Barasa alinitazama mpaka gari likageuka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Kesho yake mpwa alikalia kiti, nami niling'oa chuma nilichokipaka rangi, kwa sababu mpwa alikuwa kijana aliyeshiba na trekta halikuhitaji msaada wowote. Nilipunguza na viwili vya mbele. Trekta lilivuta vizuri tu. Nilitamani lishindwe, lakini halikushindwa.

Ilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimefika mbali. Daktari alisema wangechelewa mwezi mmoja zaidi, angekuwa na habari nyingine kabisa ya kusema. Barasa alipewa vidonge vya miezi mingi, akaenda kukaa kwa binamu yake Soweto, na Deon akamtengenezea barua ya kumsaidia na karatasi. Nilikwenda kumtazama Jumapili moja, nimebeba machungwa. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi, blanketi mabegani, nyuma ya duka la binamu. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba; alisema karibu, kwa adabu, kama anavyokaribishwa mtu wa sensa. Nilikaa. Niliongea habari za karakana, nikajisikia naongea peke yangu. Nilipoinuka ndipo alipozungumza.

"Mimi nilikuambia wewe," alisema. "Sikuambia Deon, sikuambia kanisa, hata bibi yangu sikuambia. Wewe ndio ulikuwa mtu wangu hapa."

Nikamwambia ndiyo sababu. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali. Nikamwambia nitakuja tena Jumapili nyingine, akasema safari ni ndefu, nisijisumbue. Nilirudi kwa mabasi mawili na sikulia mpaka nilipofika chumbani, na hapo nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nilikuwa na haki na nilijua nina haki, na nimegundua kwamba haki haina joto lolote kitandani. Watu huniuliza, hata sasa, kama kuna jambo la zamani ningelibadili. Hili silibadili. Leo hii, trekta likirudi mizanini na namba ikashuka, naingia ofisini tena, nafunga mlango tena. Ila sijui kama ningeweza kuivumilia tena miezi iliyofuata baada ya mlango ule.

Asubuhi za karakana zikawa kimya. Mpwa hakuwa mtu mbaya, lakini alizungumza na vyuma vyangu bila kuzungumza nami. Kota nilikula nusu, nusu nikampa mlinzi yule niliyemshuku bure. Mara mbili tatu nilijikuta nimeingia nikasema shikamoo kwa karakana tupu. Mama Chantal aliuliza habari za Barasa, nikasema anaendelea na dawa, naye akasema Mungu iko, akarudi kwenye pindo lake. Nilikuwa nimeomba kazi kwa muuza matrekta mmoja huko mikoani, na mwisho wa mwaka walinijibu ndiyo, kwa hiyo nikaanza kufunga vitu vyangu. Havikujaza hata sanduku.

Siku chache kabla sijaondoka, mchana wa jua kali la Desemba, nilikuwa nimeketi kitandani nikikunja nguo dirisha likiwa wazi, nikasikia geti. Nilimtambua kwa hatua kabla hajasema neno, ingawa zilikuwa nzito kuliko nilivyozizoea. "Mama, leo sijaleta suruali ya kupunguza," alisema Barasa. "Leo nataka ufungue. Imenibana, hata kuketi ni shida." Mama Chantal akapiga kigelegele cha chini kwa chini, akamzungusha pale kibarazani, akamwambia amekuwa bwana arusi, akamuuliza ni ugali wa nani anaokula. Barasa akasema mke wake amekuja, wako pamoja Soweto tangu mwezi uliopita, na kwamba amepata kazi ya kuendesha greda barabarani. Nilisimama na blauzi mkononi. Kisha Mama Chantal akasema kitu kuhusu wanawake wa Kitale na vijiko vyao vikubwa, na Barasa akacheka.

Alicheka kwa muda mrefu, kwa tumbo, kicheko kile kilichomfanya siku ya kwanza aweke spana chini. Nilishika fremu ya dirisha nikingoja kikohozi. Kicheko kikafika mwisho wake, kikakatika kidogo, kikaanza upya, kikaisha chenyewe. Hakikuja kitu nyuma yake. Alivuta pumzi, ikaingia yote, akaendelea kuongea.

"Neema iko mu chumba," nikamsikia Mama Chantal. "Anatuachaka juma hii. Hautamusalimia?"

Nikajifunga kanga kiunoni, nikasogea mpaka mlangoni.

"Wacha apumzike," Barasa akasema. "Nitakuja kuchukua Ijumaa." Akaaga, geti likafunguka, likafungwa.

Kufika Ijumaa ningekuwa nimeshaondoka. Nilirudi kitandani nikakaa kati ya nguo zangu zilizokunjwa, na nje cherehani ikaanza tena. Barasa alikuwa amepona. Nilifurahi sana, na sikuwa na mtu wa kumwambia.